Ugonjwa wa Kucheka wa 1962: Mwanafunzi Anapoumwa Moyo na Sisi Tukasema Ana Shetani



Leo naomba tuweke kando shela na magauni ya walima, ingawa najua wengi mnaingia hapa kutafuta hayo. Mimi ni fundi na mfanyabiashara hapa Bweri, Musoma, jirani na stendi ya mabasi. Nashona sare za shule na nashona nguo za maharusi, kwa hiyo mwaka mzima mikono yangu iko kwenye vipimo vya wasichana. Daftari la fundi halina upendeleo. Binti niliyempima kiuno mwezi Januari akienda bweni, nikimpima tena mwezi Juni nakuta sketi inamzunguka. Mama anasema ni chakula cha shule tu. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine ukimuuliza binti mwenyewe taratibu, anakwambia halali, hana hamu ya kitu, na darasani anaona maandishi tu ubaoni, hayamwingii.

Hali hiyo ikidumu ina jina lake: sonona. Na kinachomfanya binti asiiseme kwa mama yake nacho kina jina: unyanyapaa. Siku hizi watu wanasema haya ni maradhi ya kizungu yaliyoletwa na simu. Ndiyo maana nimeona niwaletee historia. Iko ya hapa hapa kwenye ziwa letu, na iko ya dini yetu. Zote mbili zinaonyesha kwamba mwanafunzi kuumwa moyo ni jambo la zamani, na kwamba kila mara swali limekuwa lile lile: je, kuna mtu mzima aliyekaa chini akamsikiliza?

Kashasha, ng'ambo ya pili ya ziwa

Sisi wa Musoma tuko upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Ukivuka maji kwenda magharibi unafika Bukoba. Zamani meli za ziwa zilizunguka bandari hizi, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, na habari za upande mmoja zilifika upande mwingine pamoja na mizigo.

Mwanzoni mwa mwaka 1962 Tanganyika ilikuwa changa kabisa. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962 Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama hapa kwetu Mara, alijiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa ili akaijenge TANU. Nchi nzima ilikuwa inasubiri kuona kesho itakuwaje. Siku nane baadaye, tarehe 30 Januari, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni kijijini Kashasha, umbali wa maili 25 hivi kutoka mjini Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha.

Kicheko kikahama kwa wengine. Wasichana wa shule ile walikuwa na umri wa miaka 12 hadi 18, na walikuwa 159. Ilipofika katikati ya Machi, 95 kati yao walikuwa wameshapatwa. Binti mmoja angeweza kushikwa kwa dakika chache au kwa saa kadhaa, akapumzika, kisha akashikwa tena. Wengine hali hiyo iliwarudia kwa siku nyingi, hadi siku 16. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa na wasichana wakarudishwa makwao.

Wakaondoka nayo. Katika kijiji cha Nshamba, ambako baadhi yao walikuwa wanatoka, watu 217 walipatwa kati ya Aprili na Mei, wengi wao wanafunzi na vijana. Shule ya Kashasha ilipofunguliwa tarehe 21 Mei, wasichana 57 wakashikwa, na mwisho wa Juni ikafungwa tena. Mwezi huo huo wa Juni ikafika shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, ambako wasichana 48 walipatwa. Mpaka jambo lile linakwisha, shule 14 zilikuwa zimefungwa kwa muda na watu wapatao 1,000 walikuwa wamepitiwa nalo. Hakuna aliyekufa.

Wenyeji waliuita kwa Kihaya ugonjwa wa kucheka. Wengine walilitaja kwa neno la wazimu. Duniani unajulikana mpaka leo kama tauni ya kicheko ya Tanganyika, na watu wanausimulia kama kichekesho.

Yale ambayo wasichana walisema

Madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, waliufuatilia ugonjwa huu na kuandika ripoti mwaka 1963. Walichukua damu. Walitafuta sumu kwenye chakula. Walitafuta virusi. Hawakukuta kitu. Wakahitimisha kwamba chanzo kilikuwa ndani ya nafsi, kwamba ni hofu na dhiki iliyoambukizana kwa kuonana.

Katika ripoti hiyo kuna jambo ambalo wanaosimulia kwa kucheka hulipita haraka. Kicheko hakikuwa peke yake. Kilichanganyika na kilio. Wasichana walihangaika, hawakutulia mahali pamoja, na ukijaribu kuwashika kwa nguvu walipambana. Wapo waliosema wanahisi vitu vinatembea kichwani, na wapo waliosema wanaogopa, kuna mtu anawafukuza.

Dada yangu, hebu tafakari hapo. Mtoto wa miaka 13 yuko bweni, mbali na mama yake, analia na kucheka kwa pamoja, anasema kuna mtu anamfukuza. Na dunia miaka 60 baadaye inakumbuka kicheko tu.

Watafiti waliokuja nyuma, kama Christian Hempelmann wa Marekani, wameeleza wazi kwamba hapakuwa na la kuchekesha pale. Ilikuwa dhiki ya watoto waliobanwa: shule kali, masharti mapya, matumaini makubwa ya wazazi na ya taifa jipya, na hakuna mlango wa kusemea. Daktari Benjamin Kagwa wa Uganda naye aliandika mwaka 1964 kuhusu matukio ya namna hii katika Afrika Mashariki, akayahusisha na mvutano uliomo ndani ya mtu pale maisha ya zamani na maisha mapya yanapogongana. Msichana wa 1962 alikuwa katikati ya mgongano huo. Nyumbani alitarajiwa awe kama bibi yake, shuleni alitarajiwa awe kama mwalimu wake, na pande zote mbili alitakiwa anyamaze.

Mdomo ukifungwa, mwili unatafuta njia yake ya kusema.

Kashasha na sonona si kitu kimoja

Sitaki mtu aondoke hapa amechanganya mambo. Yaliyotokea Kashasha ni dhiki ya kundi: inalipuka, inaonekana, inaambukizana, kisha inapita. Sonona ni ya mtu mmoja mmoja, na mara nyingi iko kimya. Haifungi shule. Inamfunga mwanafunzi mmoja, na jirani yake wa kitanda anaweza asijue.

Sonona si ile huzuni ya siku mbili baada ya kufeli jaribio. Wataalamu wanaangalia hali inayodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi: moyo mzito au kutohisi kitu kabisa, kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, usingizi kukimbia au kulala kupita kiasi, chakula kukataa au kula bila kipimo, uchovu usioisha, kushindwa kukaza akili kwenye kitabu, kujiona huna thamani, na mawazo ya kwamba afadhali usingekuwepo. Kwa vijana huweza kuja kama hasira, ukaidi, maumivu ya kichwa na tumbo yasiyoonekana kwenye vipimo, au alama za darasani kuporomoka ghafla. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye sonona huitwa mvivu, jeuri, au "amepata bwana".

Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajafikisha miaka 18, na kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Kwa hiyo umri wa shule ndio umri wenyewe. Tukisubiri binti amalize masomo ndipo tumuulize, tunaweza kuwa tumechelewa.

Dini yetu haikuanza kwa aibu hii

Sasa naingia kwenye lile linaloniuma zaidi, kwa sababu nalisikia kutoka midomo ya watu wa swala tano: "Muislamu wa kweli hapati sonona. Ni upungufu wa imani."

Turudi kwenye Qur'ani tunayoisoma kila siku. Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Alikuwa Nabii. Bibi Maryam, uchungu wa uzazi ulipomshika akiwa peke yake chini ya mtende, alitamani lau angekuwa amekufa kabla ya siku ile na kusahauliwa kabisa. Huyo ni mwanamke ambaye sura nzima imepewa jina lake. Na alipojibiwa hakukaripiwa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji, akaambiwa atikise mtende ale tende mbivu. Kwanza mwili wake ulihudumiwa. Mama yake Musa, alipomwacha mwanawe mtoni, moyo wake ulibaki mtupu.

Mtume wetu Muhammad (S.A.W) alipofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, karibu mwaka 619, mwaka ule uliitwa Mwaka wa Huzuni. Jina hilo limebaki kwenye sira mpaka leo na hakuna aliyeona aibu kulitaja. Alitufundisha dua ya kujikinga na dhiki na huzuni. Alitufundisha pia kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Na Bibi Aisha alikuwa akiwapikia wafiwa talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa Mtume alisema unatuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni.

Baada yao walikuja wanazuoni. Mmoja wao ni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, mzaliwa wa eneo la Balkh ambalo leo ni Afghanistan. Aliandika kitabu kuhusu afya ya miili na nafsi, akasema viwili hivi havitengani: mwili ukiumwa nafsi inapoteza raha, na nafsi ikiumwa mwili unadhoofika. Akaigawa huzuni. Ipo ya kawaida inayompata kila mtu. Ipo nzito yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali. Na ipo nzito isiyo na sababu inayoonekana, ambayo yeye aliona inatoka kwenye mwili, na tiba yake iwe pia ya mwili. Alishauri mtu mzima wa afya ajiwekee fikra njema kama akiba, kama anavyoweka dawa ndani ya nyumba kwa ajili ya siku ya dharura. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka 1,000 kabla mtu hajanunua simu ya kwanza Musoma.

Waislamu hawakuishia kwenye vitabu, walijenga. Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa Cairo mwaka 1284, na ndani yake palikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Huko Edirne, katika Uturuki ya leo, Sultani Bayezid wa Pili alikamilisha mwaka 1488 msikiti, madrasa na hospitali katika eneo moja, na wagonjwa wa akili walitibiwa kwa dawa, kwa sauti ya maji na kwa muziki laini. Msikiti, shule na hospitali ya nafsi vilikaa ukuta mmoja. Sisi tumevitenga, halafu tunasema hivyo ndivyo dini inavyotaka.

Aibu ilipata wapi majina yake

Basi aibu ilitoka wapi? Sina jibu moja, ila kwetu sehemu yake imo katika majina ya majengo.

Huko Lutindi, milima ya Usambara, Wajerumani wa misheni walianzisha mwaka 1896 kituo cha watoto waliookolewa kwenye utumwa. Mwaka 1904 kikaanza kupokea wagonjwa wa akili, kikawa cha mwanzo cha aina yake katika Afrika Mashariki. Nairobi ikapata cha kwake mwaka 1910, kile cha Mathari. Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, na pembeni yake ikaja Isanga kwa wagonjwa waliohusika na makosa ya jinai. Visiwani nyinyi mna Kidongo Chekundu.

Tazameni wenyewe. Karibu kila jina hapo limegeuka tusi. Mtoto akicheza vibaya anaambiwa, "Utapelekwa Mirembe." Mke akikasirika anaulizwa kama ametoroka Kidongo Chekundu. Kenya wanasema hivyo hivyo kuhusu Mathari. Hospitali hizi zilijengwa mbali na watu, mgonjwa alifikishwa pale hali ikiwa mbaya sana, na kwa miaka mingi alipelekwa kwa nguvu kama mfungwa. Kwa hiyo picha iliyobaki vichwani ni moja: ugonjwa wa akili ni mtu anayeokota makopo barabarani. Msichana aliyekaa darasani na hijabu yake imepigwa pasi, analia chooni wakati wa mapumziko, hamo kwenye picha hiyo. Yeye mwenyewe anaogopa kuingia humo. Ndiyo maana hasemi.

Mambo yamebadilika kwa kiasi. Miaka ya 1980 Tanzania ilijaribu Morogoro na Kilimanjaro kuingiza huduma ya akili kwenye vituo vya afya vya kawaida, ili mtu asisubiri Dodoma. Mwaka 2008 ikapitishwa Sheria ya Afya ya Akili. Leo ukifika hospitali ya rufaa ya mkoa unaweza kuulizia kitengo cha afya ya akili na ukaonwa kama mgonjwa mwingine. Lakini sheria haiwezi kuufuta utani wa mtaani. Huo tutaufuta sisi tunaoutamka.

"Wana mapepo"

Nani hajasikia habari ya shule ambako wasichana wanaanguka na kupiga kelele? Oktoba 2023, ng'ambo ya mpaka huko Kakamega, Kenya, wanafunzi zaidi ya 60 wa shule ya wasichana ya Eregi walipelekwa hospitali miguu ikikataa kutembea. Video zao zilizunguka kwenye simu kabla wazazi wao hawajafika. Wataalamu wengi walilitazama kama dhiki ya kundi, ndugu wa ile ya Kashasha. Mtandaoni neno lilikuwa moja: mapepo.

Sisi Waislamu tunaamini majini yapo, na sifundishi mtu kukanusha lililo katika Qur'ani. Ruqya ni sunna na Qur'ani ni shifaa. Ninachosema ni hiki: kuamini majini hakujawahi kuwa sababu ya kutompeleka mgonjwa kwa tabibu. Mwanao akivunjika mguu unamsomea Fatiha, kisha unampeleka akafungwe plasta. Basi na huyu anayesema halali, msomee na umpeleke. Na yeyote anayetaka kumpiga, kumfunga kamba au kumnyima chakula kwa jina la kumtoa jini, mtoe mwanao mikononi mwake siku hiyo hiyo.

Halafu tuulize kilichopo nyuma ya anguko. Hapa Mara, kwa msichana wa baadhi ya vijiji vya Tarime na Serengeti, likizo ya Desemba inaweza kuwa kitisho, kwa sababu ndio msimu wa kukeketa. Wapo wanaokimbilia nyumba salama, ikiwemo ile ya Butiama, wakaacha wazazi na ndugu. Sheria inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, lakini hofu haisubiri kusoma sheria. Mwanafunzi huyo akirudi darasani Januari akawa anatazama dirishani tu, utamwita mvivu? Na yule aliyekatishwa shule kwa mimba, ambaye Novemba 2021 serikali ilimfungulia mlango wa kurudi, anarudi kwenye dawati huku wenzake wananong'ona. Mlango umefunguliwa, lakini ndani anahitaji watu.

Neno kwa maharusi

Wengi mnaosoma hapa ni maharusi, na wengi wenu mko chuoni au mmetoka juzi. Nazungumza nanyi hasa.

Unyanyapaa unakaa sana kwenye posa. "Ukoo ule una wazimu." Kwa sentensi hiyo moja, binti aliyewahi kutibiwa sonona akiwa kidato cha nne analazimika kuificha kama dhambi. Mama anatupa vidonge. Mchumba hajui. Ndoa inafungwa, na siri inaingia nyumbani pamoja na sanduku la bibi harusi. Akijifungua, na uzazi ni wakati ambao sonona hupenda kurudi, mume hana habari na mke hana pa kusemea.

Kosa jingine ni kuifanya ndoa kuwa dawa: "Mwozeni, atatulia." Ndoa ni nusu ya dini, na utulivu ambao Allah ameuweka kati ya mume na mke ni neema. Lakini neema hiyo haijawahi kuitwa dawa ya malaria, na kwa sonona ni hivyo hivyo. Mpeleke akatibiwe kwanza, kisha aolewe akiwa na nguvu ya kuifurahia ndoa yake.

Nyinyi wa pwani na visiwani mna hazina ambayo sisi wa bara tunaitamani: somo. Binti akikaribia kuolewa anapewa mwanamke mtu mzima, mwenye siri, wa kumfundisha na wa kumsikiliza, na anaweza kumwambia asiyoweza kumwambia mama. Sasa najiuliza, kwa nini binti anapewa somo siku ya ndoa tu? Siku anapoingia bweni akiwa na miaka 13, na godoro na ndoo yake, somo wake ni nani?

Si ndoto tu. Mwaka 2006 Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi na hana wataalamu. Akachukua mabibi 14 wa mtaani, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kupanga hatua za kutoka kwenye shida yake, akawaketisha kwenye mabenchi nje ya kliniki. Mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya utafiti: waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi na bibi mwenye masikio. Hivyo tunavyo.

Tuanzie wapi

Tuanze na kuuliza. "Umekuwa wa ngapi?" ni swali tunalolijua wote. Ongeza hili: "Unalala? Moyo wako ukoje?" Uliza mkiwa wawili, mkifanya kazi, mkichambua mchicha au mkikunja nguo. Binti husema akiwa hatazamwi usoni.

Akisema, usimkatize kwa wasia. Usimwambie wenzake wana shida kubwa zaidi. Msikilize amalize. Anayoyasema ni amana, usiyapeleke kwenye kikundi cha wasapu.

Akisema amechoka kuishi, usimchukulie kama mtu anayetafuta huruma. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpi wazo jipya, kunampa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa karibu naye, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kwa mtoto au kwa anayemhofia mtoto, ipo namba 116 ya kitaifa ya kusaidia watoto Tanzania, na kupiga ni bure.

Kwa daktari anaweza kupewa mazungumzo ya ushauri, au dawa, au vyote viwili. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, basi asiache baada ya siku tatu kwa kuona hazimsaidii, na asiziache bila kumuuliza daktari. Swala, dhikri, Qur'ani, chakula, usingizi na jua la asubuhi vinakwenda pamoja na tiba, havigombani nayo.

Na wewe mwanafunzi unayesoma hili usiku chini ya shuka: hujalaaniwa, wala imani yako haijafa. Unaumwa. Mchague mtu mzima mmoja unayemwamini, mama mdogo, ustadhati, matroni, hata fundi wako wa nguo, na mwambie sentensi moja tu: "Sijisikii vizuri moyoni, naomba unisaidie." Akikudharau, mwendee wa pili. Wasichana wa Kashasha walisema kuna mtu anawafukuza, watu wakasikia kicheko. Safari hii tunataka tukusikie.

Ewe Mola wetu, wape shifaa watoto wetu wanaoumwa kwa siri, tupe masikio ya kuwasikiliza na ndimi zisizowajeruhi, na uwajaalie maharusi wetu nyumba zenye utulivu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.